Kocha Aliyekuwa Bosi Wake Mwenyewe

Baada ya kile kipindi chetu cha ufadhili wa michezo, wasikilizaji kadhaa mliuliza swali lilelile: huyu mkurugenzi wa michezo wa chuo, anayetia sahihi zile barua, ni nani hasa? Na mbona wengi wao zamani walikuwa makocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi?

Nitamchukua mtu mmoja tu. Nimekulia Georgia, na huku jina la Vince Dooley unalijua hata kama nyumbani kwenu hakuna anayeangalia huo mchezo. Baba yangu mpaka leo hauiti mpira. Anauita "ile mieleka ya helmeti." Lakini Dooley anamjua.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1932. Akacheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, akaenda jeshini kwa Wanamaji, akarudi Auburn kufundisha timu ya mwaka wa kwanza huku akisomea shahada ya pili ya historia. Desemba 1963 Chuo Kikuu cha Georgia, kilichoko mji wa Athens, kikamwajiri awe kocha mkuu. Alikuwa na miaka 31 na hajawahi kuwa kocha mkuu popote. Aliyemwajiri alikuwa Joel Eaves, mkurugenzi mpya wa michezo, naye alitokea Auburn alikokuwa kocha wa mpira wa kikapu. Yaani kocha aliyegeuka mtawala akamchukua kocha ambaye baadaye angegeuka mtawala. Ndivyo mambo yalivyokwenda kule Kusini: unamwamini unayemjua.

Mechi ya kwanza, 1964, Alabama waliwachapa 31 kwa 3. Mwaka uliofuata Georgia wakawafunga haohao 18 kwa 17, na tangu hapo watu wakatulia. Alikaa misimu 25, akashinda mechi 201, akachukua ubingwa wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, mara 6. Alikuwa na tabia moja ya kuchekesha: kila wiki aliwasifu wapinzani mpaka ukadhani timu yake inaenda kuzikwa, hata kama wanacheza na chuo kidogo kisicho na lolote.

Lakini tusiende haraka hivyo. Chuo hicho kilipokea wanafunzi wake wawili wa kwanza weusi Januari 1961, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, tena kwa amri ya mahakama na huku kukiwa na ghasia. Timu ya mpira ikaendelea kuwa nyeupe. Kentucky, chuo cha ligi hiyohiyo, kilimchezesha mweusi wa kwanza mwaka 1967. Georgia ilisubiri hadi 1971 ndipo ikawapa ufadhili vijana watano: Horace King, Richard Appleby, Chuck Kinnebrew, Clarence Pope na Larry West. Wakaingia timu kubwa mwaka 1972, msimu wa tisa wa Dooley. Wapo wanaosema hakuwa na nguvu ya kuamua peke yake. Mimi nasema kocha anayeshinda Kusini mwa Marekani alikuwa na nguvu kuliko maprofesa wengi, na misimu minane ni mingi.

Mwaka 1979 Eaves akastaafu, na Dooley akapewa ukurugenzi bila kuacha ukocha. Hapo ndipo pananivutia. Kwa takriban miaka kumi, kocha wa timu iliyoleta pesa nyingi kuliko zote chuoni alikuwa pia ndiye anayesimamia makocha wote, yeye mwenyewe akiwemo. Na miaka hiyo ndiyo ilikuwa minono. Mwaka 1980 alifika Herschel Walker, kijana mweusi kutoka mji mdogo wa Wrightsville, na timu haikupoteza hata mechi moja. Tarehe 1 Januari 1981 wakawafunga Notre Dame 17 kwa 10 kwenye Sugar Bowl na kuwa mabingwa wa nchi.

Msimu uliofuata, wachezaji tisa waliokuwa kwenye masomo ya kujazia, yale ya wanaotoka sekondari na kasoro ya kusoma na kuandika, walifeli Kiingereza lakini wakavushwa, wakaruhusiwa kuendelea kucheza. Mwalimu mmoja wa mpango huo, Jan Kemp, akalalamika. Akashushwa cheo, kisha akafukuzwa. Akaenda mahakamani.

Kesi ilisikilizwa Atlanta mwaka 1986. Wakili wa upande wa chuo aliliambia jopo kwamba huenda wasimfanye kijana wa namna hiyo kuwa msomi, ila akijifunza kusoma na kuandika, labda atapata kazi posta badala ya kuzoa taka. Aliyasema hayo akikitetea chuo! Jopo lilimpa Kemp zaidi ya dola milioni 2.5, zikapunguzwa baadaye hadi kama milioni 1, akarudishwa kazini, na rais wa chuo, Fred Davison, akajiuzulu.

Dooley hakuwa mshtakiwa. Mpango ule ulikuwa chini ya idara ya masomo, si ya michezo. Kisheria sawa. Ila wale vijana walivushwa wamchezee nani? Mpwa wangu ana barua mbili za vyuo mezani kwao sasa hivi, na nilichomwambia dada yangu ni aulize kwanza nani anapanga ratiba ya masomo ya mtoto, ndipo aulize uwanja una viti vingapi.

Katikati ya hayo yote kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, ingawa ndilo lililobadilisha kila kitu. Zamani NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ndicho kilichouza mechi zote kwa televisheni, na timu haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara sita katika miaka miwili. Vyuo viwili vikakishtaki: Oklahoma na Georgia. Tarehe 27 Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikavipa ushindi, majaji 7 kwa 2. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa mchezo huohuo. Kuanzia siku hiyo vyuo na ligi zao vikawa huru kujiuzia matangazo, na mabilioni unayoyasikia leo yalianzia hapo. Wachezaji walisubiri hadi Julai 2021 kuruhusiwa kuuza hata majina yao.

Baada ya msimu wa 1988 Dooley aliacha ukocha, akabaki ofisini. Katika hili nampa haki yake: hakuwa mkurugenzi wa mpira tu. Mabinti wa jimnastiki wakawa mabingwa wa nchi mara kadhaa, waogeleaji wanawake pia, na msimu wa 1998–99 chuo kikachukua ubingwa wa taifa katika michezo minne.

Kisha Olimpiki ya 1996. Uwanja wa Sanford umezungukwa na ua wa vichaka uliopandwa 1929, na kwa watu wa Georgia ule ua ni kama kaburi la mtakatifu. Uwanja wa soka ni mpana zaidi, kwa hiyo ua uking'olewa ndipo soka ichezwe. Ukang'olewa, vipandikizi vikatunzwa kwingine, ukapandwa upya. Hapo, Agosti 3, mbele ya watu zaidi ya 86,000, Nigeria iliifunga Argentina 3 kwa 2 na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupata dhahabu ya soka. Nilikuwa na miaka saba. Sebuleni kwetu walijaa wazee wa Mombasa na wa Lagos, na jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mwaka 2003 rais wa chuo wa wakati huo, Michael Adams, alikataa kumwongezea Dooley mkataba. Mashabiki wakachachamaa, matajiri wakatishia kufunga mifuko, haikusaidia. Akaondoka Juni 2004, akahamia kwenye bustani yake ya maua, maana alikuwa amekaa madarasani kusomea kilimo cha bustani kama mwanafunzi wa kawaida. Mwaka 2019 uwanja wenyewe wa kuchezea ndani ya Sanford ukapewa jina lake. Januari 2022 Georgia ikawa bingwa tena, mara ya kwanza tangu msimu ule wa Walker, na mzee aliwahi kuona. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 90.