Mnyapara na Kiboko

Mtoto ukimwambia awe simba, hunguruma papo hapo. Mwanachuo mwenye mke na watoto hufikiria kwanza watu watasemaje.

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi kijana hapa Songea, tulifanya mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Nafasi ya mnyapara nilimpa mwanachuo aliyenizidi umri. Alishika kiboko, mkono ukakataa kuinuka. Nikamkaripia mbele ya wenzake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "babu yangu yumo katika kaburi la Mahenge."

Nilinyamaza. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905, vikafika Ungoni. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa hapa hapa mjini, wengi wakazikwa kaburi moja. Hayo nilikuwa nikiyafundisha kwa tarehe tu, maana mtihani ulitaka tarehe.

Jioni ile nilimwomba radhi. Tukaenda Mahenge sote, bila vitabu.

Nafasi ile nilitaka kumpa mwingine, akakataa. Siku ya maonyesho aliinua kiboko kwa nguvu, na bibi mmoja aliyeketi mbele akasimama, akatoka nje.