Kanuni ya Drafti Iliyokutwa Ubongoni

Kazi hii ilianza na wagonjwa wanaotetemeka. Ugonjwa wa Parkinson huua seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini katikati ya ubongo, na mgonjwa hukakamaa, mikono ikamtetemeka, hata kuinua mguu aanze kutembea ikawa kazi. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 Wolfram Schultz, wa Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alipenyeza elektrodi kwenye seli hizo za kima, akitarajia kuona zikichachamaa kila mnyama anaponyoosha mkono. Wapi! Mkono ulinyooka na seli nyingi hazikushughulika nao. Zilichachamaa kima alipogusa kipande cha tufaha.

Schultz aliacha kufukuzia mikono, akaifuata zawadi. Kwa miaka kadhaa yeye na wenzake walirudia jaribio ambalo ukilitazama ni jepesi kabisa. Kima ameketi, mrija uko mdomoni. Tone la juisi linadondoka bila taarifa, na seli za dopamini, ambazo kwa kawaida hupiga mara chache tu kwa sekunde, zinapiga mfululizo. Kisha taa inawekwa: inawaka kwanza, juisi inafuata. Kima akishazoea, seli zinachangamkia taa, na juisi ikija hazina habari nayo. Siku taa inapowaka halafu juisi isije, ndipo mambo yanapokuwa mazito. Palepale ambapo tone lingedondoka, seli zinanyamaza. Chumbani hakuna kilichotokea wakati huo, si mlio wala mwanga, na bado seli zimejua kwamba kuna kitu kimekosekana, tena zimejua saa yake.

Kwa mwanafiziolojia, michoro ya mapigo ya seli hizo ilikuwa kitendawili. Jibu lake lilikuwa limeshaandikwa, ila kwa watu wa kompyuta.

Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya IBM, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake iliyojifunza kucheza drafti. Tatizo lililomsumbua ni la kila anayejifunza: ushindi huja mwishoni, baada ya hatua nyingi, sasa utajuaje ni hatua ipi iliyokuponza? Dawa yake ilikuwa kutosubiri mwisho. Programu iliithamini hali ya ubao kwa sasa, ikatazama inavyoithamini baada ya hatua kadhaa mbele, kisha ikasahihisha thamani ya kwanza kwa kutumia ya pili. Mchezaji wa kijiweni anaifahamu hali hii vizuri. Hangoji kete yake ya mwisho iliwe ndipo anune. Uso hubadilika pale anapogundua ameingia mtegoni.

Upande wa pili walikuwapo wanasaikolojia. Leon Kamin alikuwa ameonyesha kwamba panya aliyekwishajua mlio fulani unaleta shoti ya umeme, ukimwongezea taa pamoja na mlio ule, hajifunzi chochote kuhusu taa. Hana sababu: shoti haijamshtukiza. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner wakaligeuza hilo kuwa hesabu, wakisema mnyama hujifunza kwa kadiri ya pengo kati ya alichotarajia na alichopata.

Waliozikutanisha mbegu hizi mbili ni Richard Sutton, kijana aliyesomea saikolojia Stanford, na mwalimu wake Andrew Barto wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Kanuni yao, ambayo Sutton aliichapisha kwa ukamilifu mwaka 1988, inasemeka hata bila alama za hesabu: chukua ulichopata sasa, ongeza unachotarajia kuanzia sasa, toa ulichokuwa ukitarajia punde tu kabla. Kinachobaki ndicho cha kujifunzia. Miaka michache baadaye Gerald Tesauro wa IBM aliitumia kufundishia kompyuta bakgamoni. Toleo moja lilicheza michezo milioni 1.5 dhidi ya nafsi yake, likakaribia kiwango cha mabingwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Taasisi ya Salk huko California, vijana wawili wa maabara ya Terrence Sejnowski, Peter Dayan na Read Montague, walikuwa wakiijua kanuni hiyo kama jina lao. Michoro ya Schultz haikuwatatiza. Zawadi ya ghafla, jibu chanya. Zawadi iliyotarajiwa, sifuri. Zawadi iliyokosekana, hasi. Makala waliyoiandika pamoja na Schultz ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1997. Kwa mujibu wake, dopamini hupeleka habari za tofauti, wala si za raha yenyewe. Wanaoiita kila siku mitandaoni “homoni ya raha” wamechelewa zaidi ya robo karne.

Lakini mfanano si ushahidi. Mistari miwili inaweza kupanda na kushuka pamoja bila undugu wowote, na kwangu mimi kazi iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 2001 Schultz, Pascale Waelti na Anthony Dickinson walirudia mtego wa Kamin kwa kima, na seli za dopamini zikafanya kama kanuni ilivyotabiri. Mwaka 2013 kikundi cha Elizabeth Steinberg na Patricia Janak kikaenda mbali zaidi. Walichukua panya wenye seli za dopamini zinazowashwa kwa mwanga, wakawaweka katika hali ambayo, kwa kawaida, hawangejifunza ishara mpya kwa kuwa hakuna jipya. Zawadi ilipokuja, wakaziwasha seli hizo. Panya wakajifunza. Mshangao ulikuwa umetengenezwa na watafiti, na ubongo ukaupokea kama wa kweli.

Hospitalini nako kanuni ilipata kazi. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wakiwa wametumia dawa za dopamini hujifunza vizuri kutokana na kupata, na wakiwa hawajazitumia hujifunza vizuri kutokana na kukosa.

Mwaka 2020 safari ya kutoka kompyutani hadi ubongoni ilijirudia. Wataalamu wa akili mnemba wa kampuni ya DeepMind, jijini London, walikuwa wamegundua kwamba programu inacheza vizuri zaidi ikiwa na makadirio mengi badala ya wastani mmoja, mengine ya matumaini makubwa, mengine ya shaka. Wakishirikiana na Naoshige Uchida wa Harvard walirudi kwenye rekodi za seli za panya, wakakuta kila seli ina kiwango chake cha kuridhika: tone lililoifurahisha hii liliiudhi ile.

Hata hivyo ugomvi upo. Mwaka 2022, katika Science hiyohiyo, Huijeong Jeong, Vijay Namboodiri na wenzao walieleza majaribio ambayo ndani yake dopamini ya panya haikufuata kanuni ya Sutton. Wao wanashikilia kwamba mnyama akipata zawadi hutazama nyuma kutafuta kilichoileta, badala ya kutabiri yajayo. Nao hawakuja na maneno matupu: wamekuja na kanuni yao wenyewe, inayoendeshwa kwenye kompyuta, na kila maabara inaweza kuipima dhidi ya ile ya zamani.