Safari Iliyojenga Ufundi: TV za Kichogo Kondele

Mtu akiuliza kwa nini mafundi wa televisheni walipata riziki Kondele, mtaa wa Kisumu, jibu linalokuja haraka ni umaskini: hela ya kipya haipo, basi cha zamani hutengenezwa. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halielezi kwa nini ufundi huu ulidai maarifa mengi hivyo, wala kwa nini umefifia na umaskini ungalipo. Naona kilichoujenga ni safari. TV za kichogo, zile nene za tyubu ya kioo zilizotangulia skrini bapa, zilifika zikiwa zimeumia njiani, na majeraha yake mengi yalikuwa ya kutibika. Kisumu imekuwa mwisho wa njia ndefu tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na kontena likishafunguliwa mzigo hupakiwa lori, hushushwa, kisha mkokoteni humalizia kazi. Kila mkono unaobeba ni nafasi nyingine ya kuangusha.

Na TV ya kichogo haikuumbwa kusafiri. Uzito wake umejaa mbele, kwenye kioo kinene, ilhali nyuma inaishia kwa shingo nyembamba ya kioo iliyobeba bunduki ya elektroni. Ndani ya tyubu hamna hewa. Shingo ikipata ufa, hata mwembamba usioonekana, hewa huingia na tyubu imekufa. Lile doa la rangi ya fedha lililo ndani yake hugeuka jeupe, na fundi makini hulitazama kabla hajachomeka waya. Hapo hakuna dawa. Jeraha jingine ni la wavu wa chuma ulio nyuma ya skrini, ambao matundu yake huelekeza kila mwale kwenye rangi yake. Ukipinda kwa kuangushwa, mabaka ya rangi hayaondoki hata skrini ikitolewa sumaku. Lakini lehemu chini ya flaibeki, transfoma ya volti kubwa iliyo kipande kizito kuliko vyote kwenye bodi, nayo hupasuka kwa mtikiso; yoki, koili zinazoelekeza miale, hujizungusha shingoni, picha ikalala upande. Hayo hutibika kwa chuma cha lehemu na bisibisi, mradi fundi amekumbuka kutoa kwanza chaji ya volti elfu 20 na zaidi inayoweza kubaki kwenye tyubu baada ya umeme kuchomolewa. Tyubu iliyokufa na lehemu iliyopasuka zote zaweza kumwonyesha mnunuzi kitu kimoja, skrini nyeusi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ilikuwa kichwani mwa fundi.

Isitoshe, si kila kilichodhaniwa kuharibika njiani kiliharibika. TV za mitumba, zile za Ex-UK, zilikuja na matatizo ambayo ungeyakuta hata kama ungezipakata toka London. Uingereza ilirusha sauti megahezi 6 juu ya picha; Kenya, 5.5. Mnunuzi aliona picha safi, akasikia mvumo tu, akadhani spika imepasuka, kumbe tiba ni kubadili kichujio kidogo cha sauti. La pili ni la ajabu zaidi. Miale ya elektroni huvutwa na sumaku ya dunia, na viwanda vilirekebisha rangi kwa kufuata upande wa dunia TV inakopelekwa. Iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiwashwa Kisumu, kusini kidogo tu mwa ikweta, pembe za skrini zaweza kuchafuka, uso wa mtangazaji ukaingia ukijani. Anayechanganya hali hii na wavu uliopinda hutupa tyubu nzima. Great Wall ya inchi 14, ile nyeusi na nyeupe iliyokubali betri ya gari na ambayo watu huicheka siku hizi, haikuwa na wavu wa kupinda wala rangi za kuchafuka. Kwa safari za huku, sijui kama kuna iliyoifaa barabara kuliko hiyo.

Atakayepinga atasema TV huharibika hata sebuleni: umeme hupanda na kushuka, kapasita hukauka, radi hupiga. Ni kweli, na kazi hiyo ilikuwepo. Lakini iliyoharibikia sebuleni ina mwenyewe wa kuieleza ilizimikaje. Iliyotoka kontenani haina wa kuisemea, haina waranti, na aliyeipakia yuko ng'ambo. Hasara ilimwangukia aliyenunua mwisho, na fundi ndiye aliyempimia ukubwa wake. Kazi ya bima ilifanywa kibandani. Pingamizi zito zaidi ni la taka. Kioo cha tyubu kina risasi, na Uingereza ilipokuwa ikizima analogi kati ya 2007 na 2012, TV za kichogo zilikosa wa kuzitaka kwao. Uganda, katika bajeti ya 2009, ilitangaza kupiga marufuku TV, friji na kompyuta zilizotumika. Siwezi kulikataa pingamizi hili: tyubu iliyovunjika shingo ni taka tangu ilipoanguka, na sumu yake inabaki huku. Ila marufuku ya jumla huweka kapu moja tyubu iliyokufa na ile inayodai lehemu ya shilingi chache, na kuzitenganisha hizo ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe.

Wengi husema kilichoumaliza ufundi huu ni kuhamia dijitali. Analogi ilianza kuzimwa Kenya Februari 2015, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu, na kwa majuma kadhaa vituo vya Citizen, NTV na KTN havikuonekana hewani. Lakini king'amuzi kilikuja na matundu ya njano, nyeupe na nyekundu yaliyoingiliana na TV ya zamani bila shida. Kichogo kiliendelea kuishi. Kilichobadilika ni aina ya jeraha. Skrini bapa ikidondoka, kinachopasuka ni paneli, na bei ya paneli hukaribia bei ya TV nzima. Fundi bado hubadilisha taa za nyuma na kutengeneza bodi, ila jeraha la njiani limemtoka mikononi: halitibiki kwa lehemu, na kulitambua hakuhitaji fundi, kwa kuwa ufa huo hata mwenye mkokoteni anauona.