Jo Yapp: toka namba 9 ya Uingereza mpaka kocha wa Wallaroos

Jo Yapp ni mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1979. Alichezea ekipe ya taifa ya inchi yake katika mchezo wa raga, kisha akawa kocha. Alishiriki Kombe tatu za Dunia kama mchezaji, na miaka karibu ishirini baadaye akarudi kwenye Kombe la Dunia la 2025, mara hii akiongoza Australia, inchi ya watu wengine.

Raga, ao rugbi kama wengi wanavyosema kwetu

Kwa wale ambao wamezoea tu mpira wa miguu: raga inachezwa na watu 15 kila upande, kwa dakika 80. Mpira si wa duara, uko mrefu kama yai. Unaubeba mkononi na kukimbia nao, lakini huruhusiwi kuurusha mbele, unarusha tu pembeni ao nyuma. Ukiufikisha chini nyuma ya mstari wa wapinzani, hiyo ni essai, pointi 5. Ukipiga teke baadaye na mpira upite kati ya miti miwili, unaongeza pointi 2.

Namba 9, nafasi ya Yapp, mara nyingi anakuwa mdogo wa mwili kuliko wengine, lakini kazi yake ni nzito. Wale wakubwa wanasukumana mbele. Yeye anachukua mpira miguuni mwao na kuamua mbio mbio: auturushe kwa nani, apige teke, ao akimbie mwenyewe? Akikosea, ekipe nzima inakosea. Ndiyo maana namba 9 wengi wanakuja kuwa makocha: kusoma mechi wamekwisha kuzoea.

Miaka ya kucheza

Yapp aliingia kwenye ekipe ya taifa akiwa bado kijana sana, na alikuwa kwenye Kombe la Dunia la 1998 kule Amsterdam. Uingereza ilimaliza ya tatu. Mwaka 2002 walifika fainali Barcelona, wakapigwa na New Zealand 19 kwa 9.

Mwaka 2006, Kombe lilichezwa Edmonton, Canada. Sasa yeye ndiye alikuwa kapiteni. Katika nusu fainali Uingereza iliwatoa wenyeji 20 kwa 14. Lakini fainali, tena ni wale wale: New Zealand 25, Uingereza 17. Fainali mbili, adui moja, na kombe halikurudi nyumbani.

Kwa jumla alicheza mechi 70 za kimataifa. Wakati ule hakukuwa mshahara. Wachezaji wa kike walikuwa na kazi zao za kila siku, mazoezi yanafanyika jioni na siku za mapumziko. Mikataba ya kwanza ya kudumu kwa wanawake wa raga ya watu 15 Uingereza ilianza Januari 2019, na yeye alikuwa amekwisha kuacha kucheza.

Kocha, na pigo la Worcester

Baada ya kuweka viatu pembeni, Yapp alifundisha wasichana wa Uingereza wa chini ya miaka 20. Mwaka 2018 akachukua uongozi wa ekipe ya wanawake ya Worcester Warriors, katika ligi kuu.

Shida ilifika toka upande ambao kocha hana nguvu nao. Septemba 2022 klabu ya Worcester ililemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi. Ekipe ya wanaume ikasimama. Wanawake walipata wa kuwasaidia, wakaendelea msimu mmoja zaidi. Lakini Oktoba 2023, wiki chache tu kabla ligi ianze, pesa zikakosekana na ekipe ikatolewa kwenye ligi. Wachezaji waliokuwa wamejitayarisha tangu miezi walibaki wakitafuta klabu zingine, kila mtu na njia yake. Kazi ya miaka mitano ikaisha hivyo, bila hata mechi ya kuagana.

Wallaroos

Desemba 2023 Australia ilimtangaza kuwa kocha mkubwa wa Wallaroos, ekipe yao ya taifa ya wanawake. Alikuwa wa kwanza kupewa kazi hiyo kwa wakati wote. Aliyemtangulia, Jay Tregonning, alikuwa anaifanya pamoja na kazi yake ya ualimu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwezi wa tano 2024 alipoteza mechi tatu kwa kufuatana: Canada 33-14, Marekani 32-25, na New Zealand 67-19. Septemba, Wales nayo ikawashinda 31-24, jambo ambalo Wales haikuwahi kufanya mbele ya Australia.

Siku nane tu baadaye, Cape Town, Afrika ya Kusini, ekipe hizo mbili zikakutana tena kwenye mashindano ya WXV 2. Australia ikashinda 37-5. Kisha wakawapiga wenyeji Afrika ya Kusini 33-26, na Scotland 31-22. Mechi tatu, ushindi tatu, na kombe mkononi.

Kurudi nyumbani na jezi ingine

Kombe la Dunia la 2025 lilichezwa Uingereza, na kura iliweka Australia kundi moja na Uingereza yenyewe. Wallaroos walianza kwa kuifunga Samoa 73-0. Mechi ya pili, York, ilikuwa ya kutoa jasho: Australia 31, Marekani 31. Kisha Brighton, mbele ya watu wa inchi yake, Yapp aliona ekipe yake ikipoteza 47-7.

Australia na Marekani zikawa sawa kwa pointi za kundi. Kilichoamua ni tofauti ya pointi uwanjani, na Australia ikapita. Robo fainali, Bristol, Canada ikawatoa 46-5. Hapo ndipo kazi ya Yapp na Wallaroos ilimalizika.

Uingereza ndiyo ilichukua kombe, mbele ya watu 81.885 kwenye uwanja wa Twickenham.

Makocha wanawake bado ni wachache

Katika ekipe 16 za Kombe lile, tatu tu ziliongozwa na wanawake: Yapp kwa Australia, Lesley McKenzie kwa Japani, na Gaëlle Mignot aliyeshirikiana na mwanaume kwa Ufaransa. Wote watatu walikuwa wamecheza Kombe la Dunia wenyewe. Wasichana wanajaza viwanja, lakini kwenye benchi la makocha njia bado ni nyembamba. Yapp ni mmoja wa wale waliopita hapo.