Bei ya Kumfufua Mfu: Kifo na Ahera katika Michezo ya Dadu

Katika kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, kumrudisha mtu aliyekufa chini ya dakika moja iliyopita kunahitaji almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Dakika ikipita lakini siku 10 hazijaisha, almasi ya 500. Akiwa amekufa hadi miaka 100, lete ya 1,000. Na kama mwili wenyewe haupo tena na miaka haijazidi 200, tafuta almasi za 25,000. Bei zimepangwa kama menyu ya hoteli. Lakini kuna kisichonunulika: hata almasi za 25,000 hazimrudishi aliyekufa kwa uzee.

Kwa wale ambao hawajawahi kuucheza, huu ni mchezo wa mezani. Mchezaji mmoja ndiye msimamizi, anayebuni ulimwengu na kueleza kinachotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, kasisi, mchawi. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu. Ulichapishwa mwaka 1974 Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 tu za kwanza, na karibu kila mchezo wa kompyuta wenye "level" na "pointi za uhai" ni mjukuu wake.

Ndugu msomaji, ukiwa msimamizi, siku moja mhusika wa rafiki yako atakufa mezani. Ukisoma historia ya kanuni hizi utaona jinsi wabunifu walivyohangaika na siku hiyo kwa miaka 50, na mimi naona kuna swali moja walilolipita bila kulijibu.

Tuanze na Arneson. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor kwa kutumia kanuni za vita ziitwazo Chainmail, za 1971. Katika vita vya mezani vya aina hiyo, askari akipigwa ameondoka. Hakuna anayelia, kwa sababu ni askari mmoja kati ya hamsini. Lakini wachezaji wa Arneson walikuwa na mhusika mmoja mmoja, mwenye jina, na hawakutaka afe kwa dadu moja. Arneson akachukua wazo kutoka kanuni alizokuwa ametunga za mchezo wa meli za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: meli haizami kwa kombora la kwanza, ina kiasi cha kipigo inachoweza kustahimili. Binadamu akapewa hesabu ya meli. Hizo ndizo pointi za uhai. Zilizaliwa kwa sababu watu walishampenda mtu wa kubuni.

Tangu hapo mlango wa kifo umekuwa ukisogezwa mbali kidogo kidogo. Mwaka 1974 ukifika sifuri umekwisha. Kanuni za 1979 zikasema sifuri ni kuzimia tu, damu inatoka pointi moja kila zamu, na unakufa ukifika hasi 10. Katika za 2014 kuna dadu za kifo: rusha dadu ya pande 20, kumi na kuendelea umefaulu, chini ya hapo umeshindwa; kushindwa mara tatu ndiyo kwaheri.

Na baada ya kwaheri kuna kasisi. Uwezo wa kufufua ulikuwepo tangu toleo la kwanza, ila zamani ulikuwa na masharti ya kutisha. Katika kanuni za 1978 kasisi aliweza kumwinua mfu ndani ya siku chache tu, siku moja kwa kila ngazi aliyofikia. Halafu mfu mwenyewe alirusha dadu kuona kama mwili wake utahimili mshtuko wa kurudi. Akishindwa, basi. Na mtu wa jamii ya "elf" hakuweza kuinuliwa kwa njia hiyo hata kidogo, kwani kitabu cha miungu cha 1980 kilieleza kuwa wao hawana roho ya aina ya binadamu. Masharti hayo yalipunguzwa toleo baada ya toleo hadi ikabaki almasi.

Sasa fikiria kidogo. Mfalme mwenye hazina ya almasi anauawaje? Kwa nini kuna wajane matajiri? Wanasheria wanagawaje urithi ikiwa marehemu anaweza kurudi Jumanne kudai shamba? Kanuni ikishaweka bei kwenye kifo, kifo kinakuwa ugonjwa wa maskini. Hapo kuna hadithi kali sana ya kubuni, lakini ulimwengu mwingi wa mchezo huu umejengwa kana kwamba kanuni hiyo haipo.

Upande wa ahera, Gygax alichora ramani. Alianza kuieleza mwaka 1977 katika toleo la nane la jarida la The Dragon, na mwaka 1978 ikawa nyongeza ya kitabu cha wachezaji: nchi 16 za nje zilizopangwa kuzunguka, wema upande huu, uovu upande ule, utaratibu na vurugu navyo vikikabiliana vivyo hivyo. Ukifa, roho yako inakwenda kwenye kisanduku kinacholingana na tabia yako. Mimi kama mtu wa programu naitambua kazi hiyo mara moja. Hiyo ni jedwali, na tabia yako ndiyo ufunguo wa kutafutia safu. Majina yaliokotwa kila mahali: Hades na Elysium za Wagiriki, Nirvana ya Wahindi, Gehenna ya Waebrania (ile ile tunayoiita Jehanamu). Kitabu cha miungu cha 1980 kina Wamisri, Wafini, Wajapani na Wababeli. Kusini mwa Sahara, hakuna hata ukurasa mmoja.

Kompyuta nazo zilijaribu njia zao. Rogue ya mwaka 1980 ilikuonyesha kaburi lililochorwa kwa herufi na kukuanzisha upya. Faili uliyohifadhi ilifutwa pale ulipoifungua. EverQuest ya 1999 iliacha maiti yako na mali yako pale ulipoangukia, ukarudi uchi kuitafuta. Mwaka huohuo Planescape: Torment ilitupa shujaa asiyeweza kufa ambaye amepoteza kumbukumbu ya maisha aliyoishi kabla. Huo ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote hayo, kwa sababu ulikaribia swali ninalolitaka: aliyekufa ana uhusiano gani na waliobaki?

Swali hilo lilinijia mezani. Mmoja wetu alikuwa ametoka kumzika nyanya yake Kakamega, na wiki mbili baadaye mhusika wake, mlinzi mzee wa daraja, akaanguka vitani. Mwenzake akajitolea kuuza upanga wake anunue almasi. Jamaa akakataa. Akasema, "Acheni akae huko." Kisha akanigeukia: "Lakini huko ni wapi? Na sisi bado tunaweza kuongea naye?" Ramani ya Gygax ilinipa jibu la swali la kwanza. La pili haikuligusa.

Jibu nililitoa kwa Mkenya. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na akatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kama majina ya kitaalamu. Aliyekufa, anasema, haondoki mara moja. Yupo bado katika Sasa, ni mfu aliye hai, mradi wapo waliomjua kwa jina na kumwekea chakula au kumwagia kinywaji. Wa mwisho wao akifa, naye anazama katika Zamani, anakuwa mmoja wa pepo wasio na jina. Mbiti amepingwa, hasa dai lake kwamba Waafrika hawakuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali. Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wa waliolikataa. Lakini mimi simwandikii mtu tasnifu. Ninatafuta kanuni.

Na kanuni hiyo waandishi wa programu tunaijua! Kiswahili kina neno moja, kumbukumbu, kwa sehemu ya kompyuta inayoshika data na kwa tunachofanya mwaka mmoja baada ya mazishi. Mwaka 1960 John McCarthy, katika makala yake kuhusu lugha ya Lisp, alieleza jinsi mashine inavyoweza kuzoa data ambayo hakuna njia tena ya kuifikia. Mwaka huohuo George Collins akatoa njia nyingine: kila kitu kiwe na hesabu ya vinavyokielekea, na hesabu ikifika sifuri, kizolewe. Python bado hutumia njia hiyo ya kuhesabu.

Basi meza yetu ina daftari. Kila marehemu ana ukurasa, na chini ya jina lake yameandikwa majina ya walio hai waliomjua. Ukiwa kwenye orodha unaweza kummwagia pombe, kumwita kwa jina na kumuuliza swali moja. Kila mtu wa orodha akifa, ninakata mstari. Mistari ikiisha, marehemu hajibu tena. Anaingia kwenye mto au upepo, na watu wanaanza kumwogopa. Mtoto akipewa jina lake, kama Wakikuyu wanavyompa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, tunaongeza mstari, ila kwa sharti kwamba mtu amsimulie habari za mwenye jina. Almasi tumeziachia masonara.

Mchezo umebadilika kuliko nilivyotarajia. Kuua kikongwe kijijini ni kuwapeleka Zamani wafu kumi na mmoja kwa mpigo. Adui anayetaka kummaliza mtu haendi kaburini, anawafuata wajukuu.

Kuna kasoro moja inayojulikana ya njia ya Collins: vitu viwili vikielekeana vyenyewe kwa vyenyewe, hesabu haifiki sifuri kamwe, hata kama hakuna anayevihitaji. Python iliongezewa mzoaji wa mizunguko hiyo mwaka 2000. Sisi hatujaongeza. Ng'ambo ya mto kuna kijiji kilichokufa chote kwa usiku mmoja, na wafu wake bado wanaitana kwa majina kila jioni, bila mtu hai hata mmoja kwenye daftari. Wachezaji wangu wameshausikia mwito huo mara mbili. Jumamosi wanataka kuvuka.