Matuta ya Uluguru na Mfuko wa Sokoni

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu imening'inia mifuko 23. Niliihesabu Jumapili iliyopita, baada ya mjukuu wangu kuniuliza kwa nini tunaweka akiba ya mifuko kana kwamba ni mahindi. Yote ni ile tunayoiita mifuko mbadala, tuliyoanza kuinunua baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki, yaani rambo, tarehe 1 Juni 2019. Kila niendapo sokoni nasahau mfuko nyumbani, basi nanunua mwingine. Na kila ninunuapo najiona mwananchi mwema aliyeihifadhi nchi yake.

Swali la mtoto lilininyima raha. Nikajiuliza: je, haya tunayoyafanya kwa jina la kuhifadhi mazingira yanaisaidia dunia kweli, au yanatusaidia sisi kupata usingizi? Swali hili halikuanza leo. Historia yetu inayo majibu, na mojawapo lililipiwa kwa damu.

Turudi kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watawala wa Kiingereza waliona udongo wa milimani unamomonyoka na mito inateremka na matope. Hofu yao haikuwa ya uongo. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, na Waluguru wakalazimishwa kuyachimba katika mashamba yao, apende asipende.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katika miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu la juu. Ukichimba ngazi, unaufukia udongo mzuri na kuutoa nje ule usiofaa kitu. Mazao yakawa hafifu katika mashamba mengi yaliyochimbwa, na jasho la mkulima likaenda bure. Wakulima waliijua ardhi yao, lakini hakuna aliyewauliza. Kilichokaguliwa kilikuwa tuta, mavuno hayakukaguliwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa. Mpango ule ukaachwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata masikio mapya milimani.

Pengine utasema, hao walikuwa wakoloni. Haya, tuje kwenye enzi zetu wenyewe. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Kondoa palikuwa na makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia hatoki. Mwaka 1979 uamuzi mzito ukachukuliwa: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi zikarudi, miti ikachipua, na mahali palipokuwa pekundu pakawa kijani. Haya ni mafanikio, wala sitaki kuyabeza.

Lakini ng'ombe si umande, kwamba jua likitoka watatoweka. Walipelekwa kwingine, na huko nako walikula, walikanyaga, na kuiongezea mzigo ardhi iliyowapokea. Familia zilizobaki zikakosa maziwa na samadi karibu na nyumba. Aliyeitazama Kondoa peke yake alipiga makofi. Aliyetazama na upande wa pili alikuna kichwa.

Mfano wa tatu ni Shinyanga, na huu unanipa moyo. Misitu ya huko ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, halafu kwa ajili ya pamba, malisho na kuni. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walifanya kile tunachokifanya wote: vitalu vikubwa, miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuwahimiza watu wapande. Baadaye wataalamu wakakaa chini na kuwasikiliza Wasukuma. Wakakumbushwa juu ya ngitili, utaratibu wa tangu zamani wa kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Nyingi zilikuwa zimekufa watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 na kuyaacha maeneo yao.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Na miti mingi ya humo haikupandwa na mgeni rasmi yeyote. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, ikisubiri tu mtu aiache ipumue. Mwenye ngitili aliilinda kwa sababu ilimpa majani, kuni, dawa na nguzo za nyumba. Hakuhitaji kusimamiwa na askari.

Basi turudi kwenye mifuko yangu. Mwaka 2011 idara ya mazingira ya Uingereza ilitoa utafiti uliolinganisha mifuko ya aina mbalimbali kwa kigezo cha kuongeza joto la dunia. Iligundulika kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja na kutupwa. Mfuko wa polipropilini, jamaa yake huu wetu mbadala, lazima utumike mara 11. Naam, huu wetu nao ni plastiki. Umevaa tu kanzu ya kitambaa.

Je, marufuku ilikuwa makosa? Hapana. Joto la dunia ni kipimo kimoja tu. Rambo ziliziba mitaro yetu, zikaning'inia mitini kama popo, zikaliwa na mbuzi na ng'ombe. Rwanda ilizipiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na mtaro usiozibwa na rambo ni faida ambayo mkazi wa bondeni anaielewa kila masika. Sheria imefanya sehemu yake. Kosa ni langu mimi ninayenunua mfuko wa kudumu na kuutumia kama wa kutupa. Mama yangu alikwenda sokoni na kikapu kimoja cha ukindu kwa miaka, na sikumsikia hata siku moja akijiita mhifadhi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Hatua tatu kutoka kwenye mifuko hiyo limesimama gunia la mkaa. Tanuri letu la udongo la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Nimekuwa nikijipongeza kwa mfuko huku nikichoma msitu chini ya sufuria ya maharage. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini muuza mkaa wa mtaani kwetu huuza kwa kopo, na mama anayepata fedha ya leo kwa leo hununua mkaa wa leo kwa leo. Tukimwamuru aache bila kuutazama mfuko wake wa fedha, tutakuwa tumerudi Matombo.

Mimi si mama huyo. Mtungi wa gesi naumudu, na gunia lile litakuwa la mwisho nyumbani kwangu. Kuhusu mifuko, nimepiga hesabu: ili yote 23 itumike mara 11 kila mmoja, natakiwa kwenda sokoni mara 253. Kwa mara mbili kwa juma, ni zaidi ya miaka miwili bila kununua hata mmoja. Mjukuu wangu amejiteua kuwa bawabu. Hakuna kutoka nyumbani bila mfuko, na kila nirudipo anachora mstari ukutani kwa kipande cha mkaa. Hadi leo asubuhi mistari imefika minne.