Mohamed Amin: kamera iliyowafikia wenye njaa

Ninyi jamaa mliokimbia makwenu, tumkumbuke leo mpiga picha wa televisheni ambaye kazi yake inawahusu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1943. Alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Tom Mboya alipouawa Nairobi mwaka 1969, Amin alifika na kamera yake.

Tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilionyesha picha zake za Korem, Ethiopia, pamoja na maelezo ya Michael Buerk. Njaa ile haikuanza siku hiyo. Watu walikuwa wakifa kwa miezi, na wakubwa walikuwa wameonywa. Baada ya picha, misaada ikafuata.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, lakini akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Ndiyo maana hapa Banalia, tukija kwenu na mikro, tunauliza jina la kijiji, siku mliyotoka na hesabu ya watu. Shida isiyosikika huhesabiwa kama haipo.